Popo amekugusa? Usingoje kidonda, usingoje dalili



Somo la leo linahusu mnyama tunayelala naye chini ya paa moja. Popo wako katika manjanja ya depo ya kahawa, wako katika plafo ya kanisa na ya masomo, wako katika miembe na michikichi. Jioni wanatoka kwa mamia, asubuhi wanarudi. Watoto wanawaangusha kwa manati. Kuna fasi wanawindwa na kuuzwa sokoni kama nyama.

Ugonjwa wa raje, ambao wengine wanauita kichaa cha mbwa, kila mtu anaujua kwa mbwa. Mtu akiumwa na mbwa, kijiji kizima kinapiga kelele. Lakini mtu akiguswa na popo, tunasikia maneno haya: "Ile popo haikuniuma, ilinikwaruza tu." Ao: "Hakuna kidonda, nitaenda kufanya nini kule kwa munganga?" Maneno hayo mawili yanaweza kumwua mtu.

Somo hili linatosha kwa mkutano mmoja. Anayejua kusoma awasomee wenzake, na kila sehemu ikiisha, watu waongee. Mwishoni kila memba aweze kujibu maulizo matatu: Ni kuguswa kwa namna gani kunakoleta hatari? Tufanye nini saa ya kwanza? Na kwa nini munganga hawezi kuona raje katika damu ya mtu ambaye bado mzima?

1. Raje inaingia namna gani

Raje inaletwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vinaingia kwa meno, kwa kucha zenye mate, ao mate yakifika katika jicho, mdomo, pua, ao ngozi iliyochanika. Ngozi nzima haivipitishi.

Vikishaingia, havitembei katika damu kama malaria. Vinafuata mishipa ya fahamu, polepole, mpaka katika ubongo. Safari hiyo kwa kawaida inachukua mwezi 1 hadi miezi 3. Wakati mwingine ni wiki moja tu, wakati mwingine inapita mwaka. Kidonda kikiwa usoni ao kichwani, njia ya kufika ubongo ni fupi. Wakati wote wa safari mtu anakula, analima, anacheka. Hana homa, hana maumivu. Ukipima damu yake, hauoni kitu.

Dalili zikianza, virusi vimeshafika ubongo na hakuna dawa ya kumponya mgonjwa. Karibu wote wanakufa. Kwa hiyo kazi yote ya kuokoa maisha iko katika ile safari, kabla ubongo haujafikiwa.

Duniani watu karibu 59,000 wanakufa kila mwaka kwa raje, wengi wao Afrika na Asia, na karibu 4 kwa 10 ni watoto wasiofika miaka 15. Mbwa ndiye anayeleta karibu vifo vyote hivyo, 99 kwa 100. Hatukatai jambo hilo, na tutarudi kwa mbwa mwishoni. Lakini popo ana raje ya namna yake, na watu wachache wanaifahamu.

2. Popo wa Afrika wana nini

Huko Amerika kuna popo wanaokunywa damu. Wanauma ng'ombe na watu usiku, na wanapitisha raje ileile ya mbwa. Afrika hatuna popo wanaokunywa damu. Popo wetu wanakula matunda ao wadudu. Tena, virusi vya raje ya mbwa havijaonekana kuwa vinaishi kwa popo wa Afrika.

Basi tuko salama? Hapana. Popo wetu wana ndugu za virusi hivyo, na ugonjwa wao kwa mtu ni uleule:

- Mwaka 1956, huko Lagos, Nijeria, virusi vilipatikana kwa popo mkubwa wa matunda. Vikaitwa virusi vya Lagos. Mwaka 1974 vilipatikana tena kwa jirani zetu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kwa virusi hivi, lakini vimeua wanyama wa nyumbani.
- Mwaka 1970, Afrika Kusini, mtu mmoja aliumwa na popo mdomoni akiwa amelala. Alikufa kwa raje. Virusi vyake vikaitwa Duvenhage.
- Mwaka 2006, Afrika Kusini tena, mzee mmoja alikwaruzwa usoni na popo aliyeingia chumbani usiku. Alikufa kwa virusi hivyohivyo.
- Mwaka 2007, Kenya, katika eneo la Tsavo Magharibi, popo alimpiga mgeni mmoja kutoka Uholanzi usoni wakati wa jioni. Alibaki na vidonda viwili vidogo puani. Alinawa kwa sabuni, akauliza kama anahitaji chanjo, akaambiwa hapana. Alirudi kwao. Siku 23 baada ya kuguswa alianza kuugua, na akafa hospitalini.
- Mwaka 2009, virusi vingine vya jamaa hiyo vilipatikana kwa popo wa Shimoni, pwani ya Kenya.

Tazameni wale watu watatu waliokufa. Wote waliguswa usoni. Vidonda vyao vilikuwa vidogo. Hakuna hata mmoja aliyepata chanjo. Na yule wa tatu aliuliza, lakini jibu alilopewa halikuwa la kweli.

Mtu anaweza kusema: "Watatu tu katika Afrika nzima, mbona mnatuogopesha?" Tunajibu hivi: hao ni wale waliofika kwenye maabara kubwa. Huko Blantyre, Malawi, waganga walichunguza ubongo wa watoto waliokufa hospitalini kwa ugonjwa wa ubongo, katika nchi yenye malaria mingi kama yetu. Kwa baadhi yao walikuta raje ambayo haikujulikana wakati mtoto alipokuwa hai. Kama haikujulikana hospitalini, je kijijini?

Popo pia hawana mpaka. Wale wakubwa wa matunda, wenye manyoya ya rangi ya majani makavu, wanakusanyika kwa mamilioni huko Kasanka, Zambia, kila mwaka kati ya Oktoba na Desemba. Wengine waliowekewa vifaa vya kufuatiliwa walionekana wakiruka kuingia nchi yetu ya Kongo.

3. Kuguswa kupi kuna hatari

Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linagawa kuguswa na wanyama wenye raje katika makundi matatu. Kuguswa moja kwa moja na popo kumewekwa katika kundi la tatu, lile la hatari kubwa kabisa. Sababu ni hii: meno ya popo ni membamba kama ncha ya sindano. Alama yake inaweza kuwa nukta moja, na inaweza kupotea. Mtu aliyelala anaweza asiamke. Mtoto mchanga hawezi kusema.

Nenda kwa munganga siku hiyohiyo ikiwa:

- popo amekuuma ao amekukwaruza, hata bila damu kutoka;
- mate yake yameingia katika jicho, pua, mdomo ao kidonda;
- umemshika kwa mkono mtupu, akiwa mzima ao amekufa, na hauna hakika kama ngozi yako ilikuwa nzima;
- umeamka ukakuta popo ndani ya chumba ulicholala, ao ndani ya chandarua;
- mtoto mdogo, mlevi ao mgonjwa asiyejitambua amekutwa peke yake na popo;
- umemchuna ao umempasua popo, ukajikata kwa kisu ao kwa mfupa.

Hauhitaji chanjo ya raje ikiwa:

- umeona popo akiruka ao akining'inia mtini;
- mavi yake yameanguka juu ya nguo ao juu ya mabati;
- umekula nyama ya popo iliyopikwa ikaiva vizuri, kwa sababu moto unaua virusi. Hatari ilikuwa kwa yule aliyemkamata na kumchuna.

Tunda lililotafunwa na popo halijulikani kuleta raje, lakini popo wana magonjwa mengine. Tunda la namna hiyo mpe funza wa shimo la mbolea, si mtoto.

4. Saa ya kwanza

Hatua ya kwanza haingoji pesa, haingoji pikipiki. Iko nyumbani.

Osha. Maji mengi na sabuni, dakika 15. Si kupangusa, ni kuosha. Kama hauna saa, chukua bido ya litre 20, mtu mmoja amwage polepole, mwingine asugue taratibu kwa sabuni mpaka bido iishe. Sabuni yoyote inafaa, hata ile ya kufulia. Inapasua ngozi nyembamba inayofunika virusi, na vinakufa palepale. Kama mate yameingia jichoni, osha kwa maji safi mengi bila sabuni.

Paka dawa ya iodini ao alkoli, kama iko.

Usifanye haya: usiweke pilipili, majivu, mafuta ya motokari, ao jiwe jeusi. Usichanje. Usifunge kidonda kwa nguvu, na usikubali kishonwe haraka. Mambo hayo yanasukuma virusi ndani ao yanakula wakati.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Chanjo ya raje haiko katika kila kituo. Kwa hiyo, kabla ya kupanda pikipiki, mpigie infirmie titilere ao ofisi ya zone ya afya, uulize: "Chanjo ya raje iko wapi leo?" Simu moja inaweza kuokoa siku mbili za barabara.

Kwa munganga utapata:

- Chanjo. Sindano zinapigwa begani, na kwa mtoto mdogo pajani, si matakoni. Kuna mipango miwili inayotumika sana. Mmoja ni sindano za msuli: siku ya kwanza, siku ya 3 baada yake, siku ya 7, na ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Mwingine ni sindano ndogo za ngozi, fasi mbili kila mara: siku ya kwanza, ya 3 na ya 7. Siku zinahesabiwa tangu sindano ya kwanza, si tangu kuguswa. Munganga anachagua mpango. Wewe kazi yako ni kutokosa hata siku moja.
- Serumu. Hii inapigwa ndani na kando ya kidonda, mara moja tu, siku ya kwanza ao kabla siku 7 hazijapita tangu chanjo ya kwanza. Inalinda wakati mwili bado unajifunza kupigana. Ni bei ghali na mara nyingi inakosekana. Ikikosekana, usirudi nyumbani: anza chanjo.

Mama mjamzito anapata chanjo. Mtoto mchanga anapata. Aliyechelewa wiki mbili ao mwezi pia anapata, kama dalili hazijaanza. Aliyewahi kumaliza chanjo zamani anapata sindano chache tu, bila serumu.

Tuseme pia ukweli wote. Chanjo hii imetengenezwa kutokana na virusi vya raje ya mbwa. Inasaidia pia dhidi ya Duvenhage, lakini nguvu yake ni ndogo dhidi ya virusi vya Lagos. Je, tuache chanjo? Hapana. Hakuna anayeweza kumtazama popo na kujua ana virusi gani. Maana yake ni kwamba kuosha kidonda na kutomshika popo vina uzito kuliko vile watu wanavyofikiri. Sabuni haichagui virusi.

5. Munganga anajuaje?

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Wanasema: "Nitaenda wanipime damu, kama iko raje watanipa dawa." Hakuna kipimo cha kuonyesha raje kwa mtu ambaye bado hajaugua. Hakuna Kinshasa, hakuna Ulaya. Kabla ya ugonjwa, raje inapimwa kwa maulizo tu. Kwa hiyo jibu lako kwa munganga ndilo kipimo. Ukificha, kipimo kimeharibika.

Maulizo ambayo munganga anapaswa kuuliza, na ambayo wewe unapaswa kuyajibu hata kama hakuuliza:

1. Ni mnyama gani? Popo, mbwa, paka, mnyama wa pori?
2. Lini, na saa ngapi?
3. Alikugusa fasi gani ya mwili? Uso, mkono, mguu?
4. Alikuuma, alikukwaruza, alikulamba, ao ulimkuta tu chumbani?
5. Uliosha? Kwa nini, na kwa muda gani?
6. Umewahi kupata chanjo ya raje?

Kwa mbwa kuna ulizo lingine: yuko wapi? Mbwa mzima anaweza kufungwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, chanjo inaweza kusimamishwa. Kwa popo hesabu hiyo haitumiki. Usimfunge popo ukingoje afe.

Kama popo ameuawa ao ameanguka, usiponde kichwa chake, kwa sababu ubongo ndio unaopimwa. Msukume kwa mpauro mpaka ndani ya kopo lenye kifuniko, na umjulishe munganga wa mifugo. Lakini usingoje jibu la maabara ili uanze chanjo.

Na kama dalili zimeshaanza? Mara ya kwanza zinafanana na malaria: homa, kichwa, uchovu, kukosa hamu ya kula. Kuna dalili moja ya kuangalia sana: fasi aliyoguswa zamani, hata kama imepona, inaanza kuwasha, kuchoma ao kufa ganzi. Kisha ugonjwa unachukua njia moja kati ya mbili:

- Njia ya ukali: mgonjwa anahangaika, koo linakazana akiona ao akijaribu kunywa maji, anaogopa hata upepo, mate yanamtoka. Halafu anatulia na kuongea kwa akili timamu, kisha inarudia.
- Njia ya kupooza: hakuna ukali. Mwili unalegea kuanzia fasi iliyoguswa, polepole, mpaka kupumua kunashindikana. Karibu mgonjwa 1 kwa 5 anafuata njia hii, na ndiyo inayofichika zaidi.

Watu wanasema ni malaria ya ubongo, ni tetanosi, ni karuho, ni mizimu. Mgonjwa anazungushwa kutoka chumba cha maombi mpaka kwa mtu wa miti, na hakuna anayeuliza habari ya mnyama. Kuuliza hakutamponya, kwa sababu saa hiyo imepita. Lakini kutawaokoa wengine: wale waliolala chumba kimoja na popo yuleyule, na wale walioingiwa na mate ya mgonjwa jichoni, mdomoni ao kidondani. Hao wapate chanjo.

Sasa ndipo maabara inaweza kusema kitu: mate, kipande kidogo cha ngozi ya kisogo, maji ya uti wa mgongo, na baada ya kifo, ubongo. Nchini kwetu sampuli hizo zinapelekwa INRB, Kinshasa. Ni kazi ya lazima ili nchi ijue ugonjwa uko wapi. Lakini jibu lake linafika wakati familia iko katika matanga, ao inakaribia.

Mwaka 2004, huko Wisconsin, Marekani, msichana mmoja aliyeumwa na popo alipona bila chanjo baada ya waganga kumlaza usingizi mzito wa dawa. Habari hiyo ilizunguka dunia. Njia hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa wengine wengi, na karibu wote walikufa. Usimwache mtu akategemee muujiza huo.

Mgonjwa wa raje asifungwe kamba, asipigwe, asiachwe peke yake. Alazwe katika chumba chenye kimya na mwanga mdogo, apewe dawa za kutuliza, na wanaomhudumia wavae gan. Ni mtu, na mara nyingi anasikia yote mnayosema.

6. Kuzuia katika depo, nyumbani na porini

Depo na nyumba. Kaeni nje saa kumi na mbili ya jioni, mtazame popo wanatokea wapi. Tundu la upana wa kidole linawatosha. Usizibe wakiwa ndani: watashuka katika vyumba vya watu wakitafuta njia, na hapo ndipo wanagusa. Chunguzeni kwanza kama kuna watoto wao wasioweza kuruka. Kama wako, ngojeni wakue. Kisha ning'inizeni kipande cha wavu juu ya tundu, kikiwa wazi chini, ili watoke bila kuweza kurudi. Baada ya usiku kadhaa bila popo kutoka, zibeni kwa mbao, simenti ao wavu wa chuma.

Kitanda. Mustikeri, ile chandarua tunayopewa juu ya malaria, inazuia popo pia. Ichomeke chini ya godoro. Vidonda vya wale watu watatu vilikuwa usoni, na wawili kati yao waliguswa usiku chumbani.

Watoto. Wafundisheni sheria moja: popo aliyeanguka chini mchana ni popo mgonjwa. Hatumshiki, hatumpigi, tunamwita mtu mzima. Na mtoto aliyesema asipigwe fimbo. Akipigwa leo, kesho ataficha, na tumeona kwamba kificho kinaharibu kipimo.

Wawindaji na wauza nyama. Msimbebe popo akiwa hai. Vaeni gan nzito. Mwenye kidonda mkononi asichune. Baada ya kazi, mikono na visu vioshwe kwa sabuni.

Mavi ya popo kwa mbolea. Hayaleti raje. Lakini vumbi lake linaweza kuumiza mapafu: lowesheni kwa maji kwanza, funikeni pua na mdomo. Na msiingie katika mapango na mashimo ya migodi kuyatafuta. Huko Durba, Haut-Uélé, kati ya 1998 na 2000, ugonjwa wa Marburg ulishika watu 154 na kuua 128, wengi wao wachimbaji waliofanya kazi katika shimo lenye popo.

Je, tuwaue popo wote? Wengine wanapendekeza moshi, sumu, ao kukata miti yao. Hiyo ni hasara mbili. Popo wa wadudu wanakula wale wanaoharibu mazao, na popo wa matunda wanapanda mbegu za miti, hata mvule. Tena, anayeua ndiye anayeumwa. Jirani zetu wa Uganda walijifunza hivyo huko Kitaka: popo wa mgodi waliangamizwa kwa ajili ya Marburg, na walipohamia popo wapya, sehemu ya wenye virusi ilionekana kuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Popo akae mbali nasi, hiyo inatosha.

Mbwa. Familia inayojilinda na popo na kuacha mbwa bila chanjo imefunga dirisha na kuacha mlango wazi. Mbwa 7 kwa 10 wa kijiji wakichanjwa, ugonjwa unakatika. Ulizeni munganga wa mifugo wa territoire kuhusu siku ya chanjo, na mjipange pamoja.

7. Tufikirie pamoja

Ongeeni juu ya mifano hii kabla ya kusoma majibu.

Mfano wa 1. Mama anaamka, anakuta popo juu ya ukuta, na mtoto wa miezi 8 alikuwa amelala bila mustikeri. Hakuna alama. Afanye nini? Jibu: Amwoshe mtoto uso na mikono kwa sabuni na aende kwa munganga leo. Mtoto hawezi kusema, na alama inaweza isionekane.

Mfano wa 2. Kijana anabeba magunia, mavi ya popo yanamwangukia kichwani. Jibu: Aoge. Hahitaji chanjo ya raje.

Mfano wa 3. Papa alikwaruzwa na popo wiki 3 zilizopita wakati wa kutengeneza paa. Yuko mzima. Anasema: "Imeshapita." Jibu: Haijapita. Virusi vinaweza kuwa bado njiani. Aende leo.

Mfano wa 4. Mtoto alipata sindano mbili, kisha barabara ikakatika na mvua. Jibu: Apigiwe munganga simu, na aendelee mara njia ikifunguka. Haanzi upya bila munganga kusema.

8. Maamuzi ya kuchukua kabla mkutano haujafungwa

- Andikeni juu ya mlango wa depo namba ya simu ya kituo cha afya na fasi ya karibu yenye chanjo ya raje.
- Wekeni sabuni na bido ya maji katika depo, wakati wote.
- Kasha ya solidarite ya AVEC iamue leo kwamba mtu aliyeguswa na popo ao kuumwa na mbwa anakopeshwa pesa ya njia na ya chanjo siku hiyohiyo, bila kungoja kikao.
- Chagueni watu wawili wa kwenda kuona matundu ya paa, na tarehe ya kazi ya kuziba.
- Mwombeni mwalimu asome sheria ya popo aliyeanguka mbele ya watoto.

Mkirudi nyumbani, wambieni wale ambao hawakufika mkutanoni maneno haya: popo akikugusa, osha dakika 15, sema ukweli kwa munganga, anza chanjo leo. Damu haitakwambia kitu. Ni wewe unayepaswa kusema.